Kusikiliza nako kuna mafunzo: Bushubi yahitaji wanasihi walioandaliwa

Mtu akifiwa katika vijiji vyetu hakosi watu. Majirani huja na kuni na mikungu ya ndizi, turubai hufungwa, dua husomwa, na kwa siku kadhaa nyumba haiwi pweke. Kisha kila mmoja hurejea kwake, kama ilivyo ada, na mfiwa akabaki na usiku wake. Usiku huo ndio tunaotaka kuuzungumza wiki hii katika kurasa zetu za familia: usiku wa mtu ambaye msiba wake umekwisha machoni pa watu, lakini haujaisha kifuani mwake.

Bushubi, nchi iliyotandaa katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, imebeba mizigo isiyo ya kawaida. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ugonjwa huo ukaacha mayatima waliolelewa na bibi zao. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Baadaye, kambi ya Lukole iliwahifadhi ndugu zetu wa Burundi kwa miaka mingi. Na juzi tu, tarehe 20 Januari 2025, Serikali ilitangaza mlipuko wa homa ya Marburg wilayani Biharamulo. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamefariki. Ugonjwa wa namna hiyo humwongezea mfiwa jeraha la pili, kwani humzuia hata kumkosha maiti wake kwa mikono yake.

Yaliyopita hayo hayakupita bure. Yapo katika kichwa kinachouma bila homa, katika moyo uendao mbio, katika usingizi usiokuja, katika baba aliyekuwa mcheshi na sasa hukaripia watoto kwa jambo dogo. Mwenye hali hiyo akienda zahanati hupewa dawa ya maumivu, kisha akarudi vilevile. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, na madaktari bingwa wa afya ya akili nchini ni wachache. Nani basi atamsikiliza mama wa Rulenge?

Fikra, hisia na matendo

Ipo tiba ya mazungumzo ambayo wataalamu huiita tiba ya fikra na matendo. Daktari Aaron Beck wa Marekani, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 100, ndiye aliyeipa umbo lake la leo kuanzia miaka ya 1960. Msingi wake ni mwepesi kueleza. Tunalolifikiri huigusa hisia yetu, hisia huugusa mwili, na vyote hivyo huongoza tunalolitenda. Mtu aliyekata tamaa hujifungia ndani, na kadiri anavyojifungia ndivyo tamaa yake inavyozidi kukatika. Tiba hii humsaidia kuutambua mzunguko huo na kuukata mahali anapoweza.

Wasomaji wetu wasidhani kuwa haya ni mageni kwetu. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Humo alifundisha kuwa nafsi nayo huugua kama mwili, na akamshauri mwenye afya ajiwekee akiba ya fikra njema wakati wa utulivu, kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kabla ya maradhi kubisha hodi. Profesa Malik Badri wa Sudan ndiye aliyetukumbusha hazina hiyo katika zama zetu.

Ndani ya darasa la wanasihi

Mnasihi hufunzwaje kazi hii? Si kwa kunakili maelezo ubaoni tu. Sehemu kubwa ya mafunzo ni maigizo: mmoja hujifanya mgonjwa, mwingine mnasihi, na mwalimu huwasimamisha kila wanapoteleza.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi mmoja anaigiza mjane aliyemaliza eda, lakini bado hatoki nyumbani. Mnasihi mpya, kwa nia njema kabisa, huanza hivi: “Dada yangu, subiri, haya ni majaaliwa ya Mwenyezi Mungu.” Hapo mwalimu humsimamisha. Maneno hayo ni ya kweli, na mjane anayajua. Ameambiwa na kila aliyekuja msibani. Asichopata ni mtu wa kumuuliza, kisha akanyamaza kusubiri jibu.

Wanaanza upya. “Jana, tangu alfajiri hadi isha, siku yako ilikwendaje?” Mjane anaeleza, na polepole linajitokeza neno lililojificha: “Nilichelewa kumpeleka hospitali. Mimi ndiye niliyemuua.” Mnasihi haruki kumwambia kuwa si kweli. Anamuuliza: siku ile ulijua nini kuhusu ugonjwa ule? Nani mwingine alikuwapo, na yeye alionaje? Angekuwa mdogo wako ndiye aliyefikwa na haya, ungemwambia kuwa ameua? Maswali hayo humpa mjane nafasi ya kuipima fikra yake mwenyewe kwa ushahidi, kama kadhi anavyopima madai kabla ya kuhukumu.

Kisha hukubaliana juu ya kazi ndogo ya nyumbani. Haitakuwa kufungua duka tena. Huenda ikawa kumtembelea jirani mmoja baada ya alasiri, mara mbili wiki hiyo, na kuangalia moyo ulikuwaje kabla na baada. Wiki ijayo mazungumzo yataanzia hapo. Kusikiliza, kuuliza, kupima fikra, kupanga tendo dogo na kulifuatilia: hiyo ndiyo misingi, na hujifunzwa kwa kurudiwarudiwa hadi iwe tabia.

Je, watu wa kawaida wanaweza?

Jibu limepatikana karibu nasi. Kati ya mwaka 2013 na 2015, utafiti ulifanyika Moshi hapa nchini na Bungoma nchini Kenya, ukihusisha watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waliowahudumia nusu yao kwa tiba hii hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofunzwa. Watoto walikutana katika vikundi kwa wiki 12, na walezi wao walishirikishwa. Tiba ilipomalizika, ilionekana kuwasaidia zaidi ya huduma za kawaida katika maeneo matatu kati ya manne, na kule Kenya faida hiyo ilidumu hata mwaka mmoja baadaye.

Mfano mwingine unatoka kwa Waislamu wenzetu wa vijijini Pakistan. Wahudumu wa afya wa kike walifunzwa misingi hii ili wawasaidie kina mama wenye sonona wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na sonona miongoni mwa waliohudumiwa na wahudumu hao ni asilimia 23, ilhali kwa wenzao waliotembelewa bila tiba hiyo ni asilimia 53.

Lakini tusilisome jambo hili nusu. Wahudumu wa Pakistan walifunzwa darasani kwa siku chache tu, kisha wakakutana na wasimamizi wao kila mwezi. Moshi na Bungoma, wanasihi walikuwa na wasimamizi wa hapohapo, na wasimamizi nao walishauriana na wakufunzi kwa simu. Siri ya mafanikio imo katika usimamizi huo. Semina ya siku tatu yenye cheti na posho, isiyo na mtu wa kurudi kumwangalia mnasihi anavyofanya, huzalisha watu wanaojiamini kuliko wanavyojua. Na hao ni hatari kwa aliyejeruhika.

Wajibu wetu

Tunapendekeza mambo matatu kwa misikiti na familia za Ngara na Biharamulo. Kwanza, nafasi za mafunzo zikitokea, tuchague mwanamume na mwanamke wanaojulikana kwa kutunza siri. Siri ikivuja mara moja, hakuna atakayerudi. Pili, kabla ya kupokea mafunzo yoyote tuulize: nani atawasimamia wanafunzi baada ya darasa, na kwa muda gani? Tatu, tujue mipaka. Anayesema anataka kufa, au anayesikia sauti wasizozisikia wengine, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kumsomea dua hakupingani na kumpeleka kwa daktari.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tunaongeza kuwa hata asiyeficha huumbuka, ikiwa hakuna aliyefunzwa kumsikiliza. Kuni na ndizi tunajua kupeleka. Sasa tujifunze kurudi baada ya turubai kufunguliwa, tukae, tuulize, kisha tunyamaze tusikie.