Mashine Inayolia kwa Kila Mtu

Kama unaishi hapa kwetu Mukuru kwa Njenga, huhitaji saa ya kukuamsha. Majogoo hayajawika vizuri na tayari utasikia vishindo vya viatu vichochoroni. Ni akina baba, akina mama na vijana wanaoelekea Industrial Area kwa miguu kutafuta kibarua. Ukifika langoni kabla ya saa moja, una bahati. Ukifika saa moja na dakika tano, lango limefungwa na siku yako imekwenda hivyo, ingawa jua halijapanda hata juu ya mabati.

Makala yangu yanahusu kifaa kidogo kinachoweza kumkosesha kazi mtu aliyerauka mapema na kufika kwa wakati. Ni kile kijiti cheusi ambacho soja humpitishia mtu mwilini, nacho hulia tii! kikihisi chuma. Tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa, kijiti hiki kimezidi kuenea hapa Nairobi. Utakikuta kwenye maduka makubwa, hotelini, hata makanisani.

Mjomba wangu ni soja katika kiwanda fulani, na kaka yangu mkubwa ni kibarua katika kiwanda hicho hicho. Mwaka jana mkubwa wa mjomba alimfokea kwamba vitu vinaingia na kutoka langoni bila yeye kujua. Mjomba alirudi kazini akachukua bisibisi, akakizungusha kile kiskrubu cha kutegea ukali hadi mwisho. Alidhani kwamba kijiti kikiwa kikali zaidi, yeye naye atakuwa soja bora zaidi.

Lo! Siku iliyofuata kililia kwa kila mtu. Mshipi, tii! Zipu, tii! Vibanio vya sidiria, tii! Karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, tii! Kila aliyelia ilibidi apapaswe kwa mikono, na foleni ikafika barabarani. Saa moja ikagonga, lango likafungwa, na kaka yangu alikuwa mtu wa tisa kutoka mbele. Wiki hiyo alifungiwa nje mara mbili. Nyumbani tulikunywa strungi tukalala.

Jumamosi jioni mjomba alipotutembelea, nyumba iligeuka bunge. Kaka akamwambia, "Mjomba, wewe ndiye unayetunyima chakula." Mjomba akajibu, "Mwanangu, nikipunguza halafu kisu kipite, nani atawalisha watoto wangu?" Mama alinyamaza tu, kwa maana mmoja ni nduguye na mwingine ni mwanawe. Mimi niliona kwamba wote wawili walikuwa na haki.

Jumatatu nilimuuliza mwalimu wetu wa Fizikia. Alinieleza kwamba ndani ya kijiti mna koili ya waya. Umeme wa betri hupita humo ukibadilika-badilika maelfu ya mara kwa sekunde, nao huzusha uga wa sumaku kukizunguka kijiti. (Mambo ya umeme kuzusha sumaku tuliyagusa Kidato cha Pili, kama bado mnakumbuka!) Uga huo ukikutana na chuma, shaba au aluminiamu, mikondo midogo ya umeme huanza kuzunguka ndani ya kitu hicho, nayo huzusha uga wake yenyewe. Kijiti huhisi mabadiliko hayo, kikalia. Basi, ni hayo tu. Kijiti hakijui kisu ni nini wala mwizi ni nani. Kuongeza ukali hakukifanyi kiwe na akili zaidi, bali hukifanya kihisi vitu vidogo zaidi na vya mbali zaidi.

Ubaya wenyewe sasa ndio huu. Siku ya tatu mjomba mwenyewe alikuwa amechoka na zile kelele. Kijiti kikilia anasema, "Pita, ni mshipi huo." Je, kama haukuwa mshipi? Kijiti kinacholia kwa kila mtu kilikuwa kimemfanya soja awe kiziwi, na lile kisu aliloliogopa lingepita bila shida, likiwa chini ya mshipi.

Jumapili nilimpelekea mjomba chakula cha mchana langoni, wakati hakuna watu, tukafanya majaribio. Kwanza tulibadilisha betri, kwa sababu betri ikichoka kifaa hubadilika tabia na utakuwa unatega bure. Mjomba akavua saa yake, tukasogea mbali na lango, maana lango lenyewe ni chuma tupu. Kisha nikamuuliza swali ambalo nadhani lilipaswa kuulizwa tangu mwanzo: kitu kidogo kabisa mnachotaka kukamata ni kipi? Akatoa kisu cha kukunja kilichowahi kunyang'anywa mtu. Nikakitia mfukoni. Alianza na ukali wa chini kabisa, akapitisha kijiti karibu na nguo zangu kwa mwendo wake wa kawaida. Kimya. Akaongeza kidogo, kimya. Akaongeza tena, tii! Akarudia mara kumi, mbele, nyuma na ubavuni, nacho kikalia zote kumi. Tukakitoa kisu, nikabaki na vifungo vya shati na zipu. Kimya. Akaachia hapo.

Miguuni palitupiga chenga. Kila akiinama, kijiti kinalia hata nikiwa pekupeku, mpaka tukakumbuka kwamba ndani ya saruji mna nondo. Msicheke, kwani hata Alexander Graham Bell, yule wa simu, aliteleza papo hapo. Mwaka 1881 aliitwa kuitafuta kwa mashine yake risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Mashine ilitatizwa na springi za chuma za kitanda, risasi haikupatikana, na rais akafariki Septemba mwaka huo. Kijiti cha mjomba kina kitufe pembeni cha kupunguza ukali kwa muda. Tangu siku hiyo hukibonyeza akifika kwenye vifundo vya miguu, kisha hukiachilia.

Huenda mtu akauliza, je, wembe? Kweli, wembe unaweza kupita. Lakini bosi akitaka wembe ukamatwe, na afungue lango mapema na kuongeza masoja, kwa sababu zipu nazo zitalia na lazima mikono ifanye kazi. Hayo ni ya bosi kuamua, si ya kiskrubu. Mjomba alimweleza hivyo hivyo, naye akakubali kipimo cha kisu.

Siku hizi anayelia hukaguliwa kweli kweli, na foleni huisha kabla ya saa moja. Mjomba amepaka tone la rangi ya kucha ya shangazi juu ya kiskrubu, ili mtu akikigusa ijulikane. Kila asubuhi, kabla ya mtu wa kwanza, hukijaribu kijiti kwa kile kisu. Juma lililopita aliikuta rangi imepasuka. Soja wa usiku alikuwa ameongeza ukali, ati apate usingizi wa amani. Mjomba akakirudisha mahali pake watu wakiwa bado wanajipanga, na kaka akaingia.