Mlango ulio wazi pekee haumfikishi mwanafunzi

Wako watu wanaoamini kwamba heshima ya chuo hupimwa kwa wingi wa wanaokataliwa langoni. Kadiri wanaorudishwa nyumbani wanavyozidi, ndivyo chuo kinavyosifiwa. Imani hiyo imeota mizizi miongoni mwa wazazi na wanafunzi, na hata miongoni mwa walimu, ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kuitilia shaka.

Nchini Marekani ipo aina ya chuo iliyozaliwa ili kuikana imani hiyo. Huitwa chuo cha jamii. Ni chuo cha umma, kinachogharamiwa kwa kodi ya wananchi. Huwapokea wakazi wa mahali kilipo bila kuwachuja kwa ushindani, kikawafundisha miaka miwili ya kwanza ya elimu ya juu au ujuzi wa kazi. Historia ya chuo kimoja cha namna hiyo, kilichoko magharibi mwa jiji la Chicago, yafaa kusomwa kwa makini, kwa maana inafunza fadhila ya mlango ulio wazi na vilevile hatari yake.

Wazo lenyewe lina asili yake. Mwishoni mwa karne ya 19, William Rainey Harper, rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliigawa miaka minne ya shahada katika sehemu mbili, ya chini na ya juu. Maadamu miaka miwili ya mwanzo yaweza kusimama peke yake, yaweza pia kufundishwa mahali pengine, karibu na nyumbani kwa mwanafunzi na kwa gharama nafuu. Mwaka 1901 mji wa Joliet, usio mbali na Chicago, ukaanzisha chuo cha umma cha miaka miwili. Mwaka 1911 Chicago nayo ikafuata, ikafungua madarasa ndani ya shule ya upili ya ufundi iliyoitwa Crane.

Chuo hicho kilikua upesi, lakini njia yake haikuwa na nyasi laini. Mwaka 1933, uchumi wa dunia ulipoanguka na hazina ya jiji kukauka, Bodi ya Elimu ilikifunga. Maelfu ya vijana waliachwa njia panda. Malalamiko yalipanda, na mwaka 1934 masomo yakarejea katika vyuo vitatu badala ya kimoja: Wright, Wilson na Herzl. Wahenga walisema baada ya dhiki faraja, lakini faraja hii haikushuka kama mvua. Ilidaiwa na wananchi waliokwisha kuonja manufaa ya chuo na ambao hawakukubali kunyang'anywa.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, wazo lilipata nguvu mpya. Mwaka 1947 tume iliyoteuliwa na Rais Harry Truman ilipendekeza vyuo vya jamii vienezwe nchi nzima, ili ufukara usiwe kizuizi cha elimu. Chicago yenyewe ilijaribu mengi. Mwaka 1956 vyuo vyake vilianza kufundisha kwa televisheni, mzazi aliyefungwa na malezi akaweza kusomea sebuleni kwake.

Kwa wakati huo wakazi wa magharibi mwa jiji walikuwa wamebadilika. Mitaa iliyokaliwa na wahamiaji kutoka Ulaya ilikuwa sasa makazi ya Wamarekani weusi, wengi wao wakiwa wametoka majimbo ya kusini. Mwaka 1969 chuo cha Crane kikapewa jina la Malcolm X, mtetezi wa haki za watu weusi aliyeuawa mwaka 1965. Ndiye yule aliyezuru Afrika Mashariki mwaka 1964, akafika Nairobi na Dar es Salaam, na kuonana na Mwalimu Julius Nyerere. Jina hilo halikuwa pambo. Lilikuwa tangazo kwamba chuo ni cha wale wanaokizunguka.

Je, hufundisha nini? Masomo yake yana matawi makuu matatu. Tawi la kwanza ni la wale wanaokusudia chuo kikuu. Hao husoma hisabati, sayansi, uandishi na fasihi, wakahitimu kwa shahada ya miaka miwili, kisha wakajiunga na chuo kikuu. Tangu mwaka 1993 jimbo la Illinois limekuwa na mapatano yanayowezesha masomo ya msingi yaliyofaulishwa katika chuo kimoja kukubaliwa katika vingine. Tawi la pili ni la kazi, na hapa chuo cha Malcolm X kimejipatia sifa katika fani za afya: uuguzi, upigaji picha za eksirei, tiba ya upumuaji, hata utunzaji wa maiti. Hospitali kubwa ziko jirani yake. Tawi la tatu ni la watu wazima wanaotafuta cheti cha sekondari walichokikosa, na wahamiaji wanaojifunza Kiingereza.

Hadi hapa msomaji aweza kupiga makofi. Lakini haitoshi kuusifu mlango bila kuuliza nani aliyetokea upande wa pili. Mnamo mwaka 2010 ilifichuliwa kwamba katika vyuo vya umma vya jiji la Chicago ni asilimia 7 tu ya wanafunzi wapya wa kutwa waliohitimu ndani ya miaka mitatu. Ni kweli kipimo hicho kina kasoro. Hakimhesabu anayesoma jioni baada ya kazi, na humhesabu aliyehamia chuo kikuu kabla ya kuhitimu kana kwamba alishindwa. Hata hivyo, hakuna kasoro ya hesabu inayoweza kuzifunika tofauti kubwa kiasi hicho.

Mwanasosholojia Burton Clark aliliona jambo hili mapema, mwaka 1960. Alieleza kwamba chuo kilicho wazi kwa wote chaweza kuwa mahali pa kupoza matumaini. Kijana huingia akitaka digrii, hushauriwa polepole ashushe lengo, na mwishowe huondoka akiamini kosa ni lake. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Vyuo vikuu hupungukiwa mzigo, serikali hujisifu kwamba imempa kila mtu nafasi, na anayepoteza ni yule aliyedondoka njiani.

Wakuu wa Chicago walijitahidi kurekebisha mambo. Kila chuo kilipewa fani yake. Mwaka 2015 ulianza mpango wa kuwalipia karo wahitimu wa shule za umma za jiji waliofikia wastani wa 3.0 kati ya 4.0. Mwaka 2016 chuo cha Malcolm X kikapata majengo mapya yaliyogharimu dola milioni 251. Lakini kugawanya fani kulizua kilio kipya. Masomo ya malezi ya watoto yalipokusanywa katika chuo cha Truman, kaskazini mwa jiji, walimu na wanafunzi waliuliza mama wa kusini mwa jiji, mwenye kazi na watoto, angesafiri vipi hadi huko na kurudi kila siku. Mlango ulikuwa ungali wazi, ila ulikuwa umesogezwa mbali.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kumpokea mwanafunzi ni ahadi, wala si hisani. Anayefungua mlango kwa wote anajitwika wajibu mzito kuliko anayewachagua hodari peke yao, kwa sababu hodari wangefaulu pengine hata wakifundishwa vibaya. Chuo cha namna hii chahitaji walimu bora zaidi, washauri wengi zaidi, ratiba inayomjali mfanyakazi, na ngazi isiyokatika kutoka cheti hadi shahada. Kikinyimwa hayo, uwazi wake hugeuka dhihaka.

Nawe mwanafunzi, usimcheke mwenzio aliyeanzia chuo kisicho na jina kubwa. Muulize anakwenda wapi, na kama ngazi anayoipanda inafika huko. Nasi walimu tujiulize lilo hilo kila tunapomwambia kijana mwenye alama za chini kwamba bado ana nafasi. Nafasi hiyo ina mwisho wapi? Tusipoweza kumjibu, tumemfungulia mlango wa chumba kisicho na ngazi.