Mwanasesere Anayejongea (Sehemu ya Pili): Kumtia Misuli

Wiki iliyopita tuliishia kwenye mifupa ya kichwa: fuvu la mbao laini, taya lililofungwa kwa bawaba mbili, na macho yaliyochongwa kutokana na vipira vya tenisi ya meza. Leo tunamtia misuli.

Mwaka 1964, kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, Walt Disney aliwaonyesha watu Abraham Lincoln wa bandia aliyeinuka kitini na kuhutubia. Mitambo iliyomwendesha ilikuwa mikubwa na ya gharama ambayo fundi wa nyumbani asingeiweza. Siku hizi jicho, shingo na taya huendeshwa na mota ya sevo yenye uzito wa gramu 9, ndogo kuliko kiberiti. Inayopatikana kwa wingi ni SG90.

Tuifungue. Ndani mna mota ya kawaida inayozunguka kwa kasi kubwa na nguvu kidogo. Gia za plastiki hupunguza kasi hiyo na kuongeza nguvu. Kwenye ekseli ya mwisho kimeungwa kikinzani cha kuzungusha, cha jamii ya kile kinachopandisha na kushusha sauti ya redio. Ekseli ikigeuka, ukinzani hubadilika, na sakiti ya ndani hujua mkono wa sevo, ule unaovalishwa kwenye ekseli hiyo, umefika nyuzi ngapi. Ndiyo maana sevo huenda pale ilipoagizwa na kutulia hapo. Ukiisukuma kwa kidole, inakataa.

Ina nyaya tatu. Wa kahawia ni hasi, mwekundu ni chanya, na wa rangi ya chungwa hubeba amri. Amri yenyewe ni mpigo mfupi wa umeme unaorudiwa mara 50 kwa sekunde. Mpigo wa milisekunde 1.5 huuweka mkono katikati. Ukiufupisha kuelekea 1, mkono hugeukia upande mmoja, ukiurefusha kuelekea 2, hugeukia wa pili. Kadi ya Arduino, iliyozaliwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, hutengeneza mipigo hiyo yenyewe. Wewe unaandika nyuzi tu.

Sasa umeme, na hapa naomba tusiende haraka, kwani ndipo vijana wengi hukata tamaa. Taya linatetemeka, kadi inazimika na kuwaka upya, na kijana anaanza kuvuruga programu isiyo na kosa lolote. Sevo inapoanza kusogea, au inapozuiwa, hunyonya umeme mwingi kwa ghafla. SG90 moja iliyokwama yaweza kupita nusu ampea. Nne zikianza kwa pamoja, volti hushuka na kadi hulala. Zipe sevo chanzo chake: betri nne za kuchaji za AA, yaani volti 4.8, zinatosha kwa kichwa chetu. Kisha unganisha hasi ya betri na hasi ya Arduino. Waya huo ukisahaulika, sevo haiwezi kusoma amri sawasawa.

Kabla ya kukaza skrubu ya mkono, iamuru sevo iende nyuzi 90, halafu ndipo uuvalishe mkono ukiwa umenyooka. Fimbo ya taya itoke kwenye spoki ya baiskeli, na uifunge kwenye tundu lililo karibu na ekseli: taya litapungukiwa mwendo, lakini litapata nguvu.

Kilichobaki ni mwendo, na kwangu huu ndio moyo wa kazi yote. Ukiiambia sevo itoke nyuzi 40 hadi 120 kwa amri moja, kichwa kitaruka kama kilichopigwa kofi. Kipeleke nyuzi mojamoja: kianze polepole, kishike kasi, kipunguze kabla ya kufika. Macho yatangulie kugeuka, shingo ifuate baada ya kitambo, maana ndivyo binadamu anavyotazama. Mwanasesere aliyechongwa vibaya lakini anayetangulizwa na macho yake huaminika kuliko aliyechongwa vizuri na kugeuka kwa mshtuko.

Wiki ijayo tutafunga taya na sauti. Hadi hapo, msomaji, jaribu kila sevo peke yake, na usiugeuze mkono wake kwa nguvu za vidole; meno ya gia za plastiki hukatika upesi.