Matunzo ya Watoto Zaidi ya Mmoja: Jinsi ya Kuyakadiria

Wenyeviti wa vijiji, walimu na wazee wa Karatu na Ngorongoro huletewa mara kwa mara shauri la wazazi waliotengana. Watoto ni wawili, watatu au zaidi. Je, baba atoe kiasi gani? Wengine huchukua gharama ya mtoto mmoja na kuizidisha kwa idadi ya watoto. Wengine husema fedha zilizomtosha mtoto wa kwanza ziwatoshe na wadogo zake. Twaona njia zote mbili zina dhuluma, na yafaa tueleze sababu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yampasa baba kuwapa watoto wake makao, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake, hata kama wanakaa kwa mtu mwingine. Kwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa, sheria ya kale iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta sheria hiyo, wala haikuweka kiwango kingine. Badala yake yaiagiza mahakama kutazama mapato na mali ya wazazi wote wawili, mzigo wa watoto wengine alio nao mwenye kudaiwa, na gharama za maisha mahali akaapo mtoto.

Basi, tuchukue mfano wa mama akaaye mjini Karatu na watoto watatu. Hesabu hizi ni za kufundishia tu. Kodi ya chumba, kuni, sabuni na taa ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Hizo ni gharama za pamoja, nazo huhesabiwa mara moja. Chakula ni 30,000 kwa kila mtoto, yaani 90,000. Mahitaji ya kila mmoja peke yake ni haya: aliye sekondari 30,000, aliye shule ya msingi 10,000, na mchanga apelekwaye zahanati 20,000. Jumla yake ni shilingi 200,000. Lau tungalichukua gharama ya mkubwa peke yake, yaani 110,000, na kuizidisha kwa tatu, tungalipata 330,000, na baba angalionewa. Lau tungaliacha 110,000 ile ile, watoto wangalilala njaa.

Kisha hutazamwa uwezo. Ikiwa baba hupata mara tatu ya apatacho mama, ni haki achukue sehemu tatu katika nne, yaani 150,000, na mama 50,000. Ikiwa baba ana watoto katika nyumba nyingine, nao wahesabiwe vivyo hivyo. Lakini kuoa tena si sababu ya kuwaacha wa kwanza.

Mahali nako hubadili hesabu. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo kimekatazwa, kwa hiyo mahindi hununuliwa. Karatu familia yenye shamba hula mavuno yake. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola hushika fedha wakati wa mavuno, mfugaji auzapo mifugo mnadani, na dereva wa watalii katika msimu wa wageni. Mapato ya watu hao yakadiriwe kwa mwaka mzima, kisha yagawanywe kwa miezi 12. Asiyefanya hivyo atamwona mfugaji kuwa maskini mwezi huu, na tajiri mwezi ujao.

Mapatano yaandikwe mbele ya Afisa Ustawi wa Jamii. Yakishindikana, mzazi, mlezi, ndugu au afisa huyo aweza kupeleka maombi katika Mahakama ya Watoto. Amri ya mahakama yaweza kubadilishwa hali ikibadilika, kama vile mtoto mwingine akizaliwa au mzazi akipoteza kazi. Kwa kawaida amri hukoma mtoto atimizapo miaka 18, ila yaweza kuendelezwa akiwa bado masomoni.

Walimu nao wana kazi hapa. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016, lakini sare na madaftari bado hununuliwa. Mwalimu ndiye aonaye kwanza mtoto aliyekosa vitu hivyo, asinyamaze. Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na kulea wengi kwataka hesabu ya haki kwa kila mmoja wao.