Ituri si msitu tu: muziki wa nyanda za Bunia

Ukitaja muziki wa Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, wengi hukumbuka msitu. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull alirekodi nyimbo za Wambuti, watu wa msitu huo, katika miaka ya 1950, na wimbo wao mmoja wa unyago wa wasichana ukawekwa kwenye sahani ya dhahabu iliyopelekwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977. Heshima hiyo ni haki yao. Lakini Bunia, mji mkuu wa mkoa, haiko msituni. Imekaa kwenye nyanda za majani zinazoelekea Ziwa Albert, nchi ya Wahema, Walendu, Wabira, na kaskazini Waalur na Wando-Okebo. Muziki wa nyanda hizi, kwa maoni yangu, umejengwa na njia za wasafiri kuliko kabila, na ndiyo maana anayeugawa kwa makabila anaukata vipande.

Tazama likembe, ala ndogo inayopigwa kwa vidole gumba. Asili yake ni magharibi mwa Kongo, na ilipanda mto pamoja na wapagazi, askari na vibarua, maana ni ndogo na huweza kupigwa huku mtu akitembea. Dhahabu ilipogunduliwa Kilo, hapa Ituri, mwaka 1903, kambi za mgodi zikakusanya watu wa lugha nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waalur waliokwenda kufanya kazi waliivusha likembe hadi Uganda, Waacholi na Wasoga wakaifanya yao. Likembe ni kisanduku cha mbao kilichochimbwa ndani, juu kuna vipande vya chuma vilivyofuliwa bapa, na kwenye vipande hivyo huzungushwa pete za waya ili kila sauti itoke na mvumo. Mgeni hudhani mvumo huo ni kasoro, kumbe bila huo mpigaji huona likembe yake imepoa. Si likembe tu: baragumu za mti za Waalur, agwara, hupigwa na Walugbara pia, na kila moja hutoa sauti chache tu, hivyo wimbo hauwezi kukamilika mpaka kila mpulizaji aingie kwa zamu yake.

Atakuwepo wa kusema kwamba wimbo ni lugha, na lugha ni ya kabila. Hoja hiyo ina uzito, ila hapa Ituri inakwama: Wahema wa Djugu huzungumza Kilendu, lugha ya majirani waliopigana nao vita vikali kuanzia 1999. Mwingine atasema rumba ya Kinshasa imekwisha kumeza kila kitu. Mbona basi Konono N°1, kundi la Kinshasa hiyohiyo, lilipata sifa duniani kwa likembe zilizounganishwa na vipaza sauti? Wapo pia wanaolalamika kwamba adungu, kinubi cha Waalur, kimeharibiwa na kanisa kwa kupangwa sauti za do-re-mi. Mimi naona kanisa ndilo lililokipa vijana wa kukipiga, na ala isiyo na vijana hubaki ukutani.

Linaloumiza ni jingine. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi muziki pembezoni mwa msitu wa Ituri, ukiwemo wa Wabira, na kazi yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, huko Afrika Kusini, mbali na Bunia. Nakala zake zinastahili kusikika kwenye redio za Bunia na katika shule za Irumu, Djugu na Mahagi, wakati wazee wanaoweza kueleza nani aliimba nini, na kwa nini, bado wapo.