Pesa za Washington, Mitaa ya Burlington: Mji Unavyopanga Kutumia Ruzuku za Nyumba

Najua wengi wenu mkilipata jarida hili hukimbilia kwanza mashairi, kisha vichekesho, na makala ya maelezo mnayaacha yalale kama kiporo. Leo nawaomba mnivumilie. Nataka kueleza jambo ambalo kwa nje ni kavu kama ganda la muwa, ilhali ndani yake mna mvutano wa kutosha, yaani jinsi mji wa Marekani unavyokaa kitako na kuamua pesa za nyumba na maendeleo ya mitaa, zinazotoka kwa serikali kuu, zimfikie nani na kwa njia gani.

Nimeuchagua mji wa Burlington katika jimbo la Vermont, kando ya ziwa Champlain, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, ni mji mdogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2020 ulikuwa na wakazi 45,000 hivi, kwa hivyo mambo yake yanaonekana waziwazi. Pili, mjomba wangu anaishi huko, na kazi yake ni kuwafasiria wageni wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo. Naam, msishangae. Kiswahili chetu kimeshafika kwenye theluji, na ni miongoni mwa lugha ambazo watoto wa shule za Burlington huzungumza nyumbani kwao. Mjomba ndiye aliyenidokezea habari za vikao hivi, nami nikaanza kudadisi.

Hebu turudi nyuma kidogo. Kwa Sheria ya Nyumba ya mwaka wa 1949, serikali kuu ya Marekani ilianza kuipa miji pesa za kubomoa mitaa iliyosemekana kuwa imechakaa. Bomoabomoa hiyo iliifikia Burlington katika miaka ya 1960. Mtaa wa katikati ya mji, uliokaliwa na familia nyingi zenye asili ya Italia, ulisawazishwa kwa matingatinga. Kwenye karatasi mtaa huo uliitwa uchakavu. Kwa waliozaliwa humo ulikuwa nyumbani. Waliokata shauri hawakuwa wakilala humo, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini sheria zilizofuata zimejaa masharti ya kuwauliza wananchi kwanza.

Basi tarehe 22 Agosti 1974, siku 13 tu baada ya kushika urais, Gerald Ford alitia sahihi sheria mpya. Kabla ya hapo kila jambo lilikuwa na mfuko wake. Kulikuwa na mfuko wa maji na mabomba ya taka, wa viwanja vya wazi, wa ukarabati wa mitaa, na kila mfuko mji ulipaswa kuupigia magoti peke yake. Sheria hiyo iliifunga mifuko hiyo katika fungu moja, ambalo watu hulitaja kwa herufi zake CDBG, yaani ruzuku ya jumla ya maendeleo ya jamii. Wazo lilikuwa kwamba mji ujipangie wenyewe, mradi ufuate masharti. Baadaye yaliongezeka mafungu mengine, likiwemo la kuwasaidia wasio na makao, na mwaka wa 1990 likaja lile liitwalo HOME, ambalo ni la nyumba tu. Mwaka wa 1995, Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, kwa kifupi HUD, iliamuru kwamba mji usiandike tena mpango mbalimbali kwa kila fungu. Uandike kitabu kimoja cha miaka mitatu hadi mitano, na kila mwaka utoe mpango mdogo wa utekelezaji.

Je, mji hupewa kiasi gani? Hapa hakuna kumjua mtu. Ni hesabu tupu. Wizara huangalia idadi ya watu, wingi wa maskini, msongamano ndani ya nyumba, umri wa nyumba (hasa zilizojengwa kabla ya 1940), na kama mji umebaki nyuma katika kukua. Hesabu yenyewe hufanywa kwa njia mbili, na mji huhesabiwa kwa ile inayouletea kingi zaidi. Mji wenye watu 50,000 na zaidi huwa na haki ya kupata fungu lake moja kwa moja. Burlington haifiki idadi hiyo, lakini kwa kuwa ndiyo kitovu cha eneo lake, nayo huingizwa kwenye orodha.

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe. Kazi ya kwanza ni kuujua ugonjwa kabla ya kutafuta dawa. Mji hukusanya takwimu za nani anaumia. Kipimo kinachotumika ni hiki: familia ikitoa zaidi ya asilimia 30 ya mapato yake kwa ajili ya nyumba, huhesabiwa kuwa imeelemewa, ikitoa zaidi ya nusu, imeelemewa vibaya. Kisha kuna kuwahesabu wasio na makao, kazi inayofanywa kwa usiku mmoja katika siku kumi za mwisho za Januari. Mjomba aliniambia baridi ya Januari huko ni ya kukata masikio. Mtu anayekutwa nje usiku kama huo, basi kweli hana pa kwenda. Hata hivyo mimi naona hesabu hiyo ina tundu. Yule aliyelala sakafuni kwa jamaa yake usiku huo haonekani ndani yake, ingawa naye hana kwake.

Takwimu zikishapatikana, lazima watu waulizwe. Sheria inataka mikutano ya hadhara isiyopungua miwili kwa mwaka, katika hatua tofauti, na rasimu ya mpango iwekwe wazi kwa siku 30 ili mwananchi aisome na kutoa maoni. Kila maoni yafupishwe ndani ya mpango, na yakikataliwa, sababu iandikwe. Ikitazamiwa kwamba watakaohudhuria ni pamoja na wengi wasiojua Kiingereza, mji upange jinsi ya kuwahudumia, na hapo ndipo watu wa kazi ya mjomba wangu wanapohitajika. Sisi hapa Kenya, tangu Katiba ya 2010, tumezoea kusikia habari za ushirikishwaji wa umma, kwa hivyo hatuhitaji kuelezwa kwamba mkutano wa hadhara unaweza kuwa wa kweli au wa kupiga picha tu. Burlington wamejaribu kuupa uzito. Tangu miaka ya 1980 wadi zake zina mabaraza ya mitaa, na wawakilishi wa mabaraza hayo hukaa kwenye kamati inayoyapitia maombi ya vikundi kabla hayajawafikia madiwani na meya.

Masharti nayo si mchezo. Kila shilingi, au tuseme kila dola, ya CDBG lazima itimize moja kati ya makusudi matatu: kuwafaidi wenye kipato cha chini na cha wastani, kuzuia au kuondoa uchakavu, au kukabili dharura kubwa. Na angalau asilimia 70 ya pesa zote ziende kwenye kusudi la kwanza. Mwenye kipato cha chini ni nani? Zipange familia za eneo lile katika mstari, kuanzia maskini hadi tajiri, kisha utazame mapato ya ile iliyo katikati kabisa. Tuseme ni dola 100,000 kwa mwaka kwa familia ya watu wanne. Yeyote mwenye familia ya namna hiyo ambaye mapato yake hayapiti asilimia 80 ya hizo, yaani dola 80,000, anahesabiwa. Kama mji unataka kutengeneza barabara au bustani ambayo haina mlango wa kuwachuja watu, ni lazima kwa kawaida asilimia 51 ya wakazi wa mtaa huo wawe wa kipato hicho. Kujenga ofisi za utawala wa mji kwa pesa hizi ni mwiko. Kampeni za siasa pia ni mwiko.

Ugomvi mkubwa, nijuavyo mimi, hutokea kwenye asilimia 15. Hicho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa huduma za jamii, kama vile chakula kwa wenye njaa, malezi ya watoto, mahali pa kulala kwa wanawake waliokimbia kipigo, na masomo ya lugha kwa wageni. Uendeshaji na upangaji hauruhusiwi kupita asilimia 20. Hebu tupige hesabu kwa mfano. Mji ukipata dola 700,000, huduma zote hizo zitagawana dola 105,000 pekee. Ofisi isizidi 140,000. Zinabaki 455,000 za nyumba, ukarabati na biashara ndogondogo. Sasa jiweke kwenye kiti cha mwanakamati mbele ya maombi ya vikundi ishirini, vyote vikiwa na haja ya kweli. Ukimpa kila mmoja dola 5,000, umemridhisha kila mtu na hujamwokoa hata mmoja. Ukiwapa wawili, kumi na wanane wataondoka wakinuna, na pengine jikoni mwa mmoja wao moto utazimika.

Na hizo 455,000 nazo, usidhani ni mlima. Siku hizi nyumba moja tu ya kupangisha katika nchi hiyo huweza kumeza dola laki tatu na zaidi kuijenga. Aidha, CDBG kwa kawaida hairuhusiwi kujenga nyumba mpya. Hununua ardhi, hutengeneza za zamani, huondoa rangi yenye risasi inayowadhuru watoto (nchi hiyo iliipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka wa 1978, lakini nyumba za Burlington nyingi ni kuukuu kuliko marufuku yenyewe). Kwa hiyo mji mwerevu hutumia pesa hizi kama chambo cha kuvutia samaki wakubwa: mikopo ya benki, nafuu ya kodi kwa wawekezaji iliyoanzishwa mwaka wa 1986, na fungu la HOME, ambalo lenyewe hudai mji au jimbo lichangie senti 25 kwa kila dola. HOME pia ina sharti ninalolipenda. Nyumba ikijengwa kwa pesa zake, lazima ibaki ya bei nafuu kwa miaka 5 hadi 20, kulingana na kiasi kilichotumika na aina ya kazi.

Lakini miaka 20 ikiisha, inakuwaje? Burlington walijiuliza swali hilo mapema. Mwaka wa 1984, wakati Bernie Sanders alipokuwa meya, mji ulitoa dola 200,000 kuanzisha shirika la dhamana ya ardhi. Utaratibu wake ni huu: familia hununua nyumba, lakini ardhi iliyo chini yake hubaki mali ya shirika. Familia ikitaka kuuza, hurudishiwa ilichoweka pamoja na asilimia 25 ya ongezeko la thamani, na mnunuzi wa pili, ambaye naye si tajiri, anaipata nyumba kwa bei anayoimudu. Ruzuku iliyoingia mara ya kwanza haitoki na mwenye nyumba wa kwanza mfukoni. Shirika hilo liliungana na jingine mwaka wa 2006, likaitwa Champlain Housing Trust, na mwaka wa 2008 lilipata tuzo ya kimataifa ya makazi. Mimi naona huo ndio upangaji, kwani dola moja ya mwaka wa 1984 inaendelea kuwafanyia watu kazi hadi leo.

Mpango ukipitishwa na baraza la mji, hupelekwa HUD angalau siku 45 kabla ya mwaka wa mpango kuanza, ukiambatana na viapo vilivyotiwa sahihi. Viapo hivyo wengi huviona kama karatasi za kupita njia. Ebo! Waulize watu wa kaunti ya Westchester, karibu na jiji la New York. Kaunti hiyo ilipokea zaidi ya dola milioni 50 huku ikiapa kwamba inaendeleza usawa katika makazi, ilhali haikuwa ikichunguza ubaguzi wa rangi kama kikwazo. Shirika moja la kupinga ubaguzi liliishtaki mwaka wa 2006 kwamba imeidanganya serikali. Mwaka wa 2009 kaunti ilikubali suluhu ya dola milioni 62.5 na kutakiwa kuhakikisha kwamba nyumba 750 za bei nafuu zinajengwa, nyingi katika vitongoji vilivyokaliwa karibu na wazungu watupu.

Kuna shida nyingine ambayo mji hauna dawa yake. Bunge la Marekani likichelewa kupitisha bajeti, mji unapanga bila kujua utapata ngapi. Mwaka wa 2017 serikali ya Rais Donald Trump ilipendekeza CDBG ifutwe kabisa. Bunge lilikataa, na kwa mwaka wa fedha wa 2018 likaipandisha hadi dola bilioni 3.3. Utasema ni neema. Lakini mwaka wa 1975 fungu hilo lilikuwa takriban bilioni 2.5, na tangu wakati huo bei za vitu huko zimepanda zaidi ya mara tano.

Mwisho wa mwaka wa mpango, mji una siku 90 za kupeleka HUD ripoti ya kilichofanyika: nyumba ngapi zimetengenezwa, watu wangapi wamehudumiwa, pesa ngapi bado zimelala. Zikilala nyingi mno, kupita fungu la mwaka mmoja na nusu siku 60 kabla mwaka haujaisha, mji unaweza kupunguziwa. Ripoti nayo huwekwa mezani wananchi waisome na kuitolea maoni, ila safari hii hupewa siku 15 tu. Kufikia hapo mwaka wa mpango unaofuata umekwisha anza, na pesa zake zimeshagawanywa.