Kielelezo, Kigezo na Kipandikizi

Neno mshipa hubebeshwa mzigo mkubwa. Msemaji wa kawaida hulitumia kwa njia ya damu, kwa neva, kwa kano, na pengine hata kwa ngiri. Mazungumzoni hapana dhara. Lakini mfasiri wa fomu ya ridhaa ya mgonjwa hana budi kupambanua: ateri ni mshipa utoao damu moyoni, vena ni ule uirudishao.

Ugumu umezidi tangu uchapaji wa pande tatu uingie katika tiba. Ufundi huu, ambao njia yake mojawapo ilipewa hataza Marekani mwaka 1986 kwa jina la Charles Hull, hujenga kitu tabaka juu ya tabaka kwa kufuata vipimo vilivyomo katika kompyuta. Kitenzi kuchapa kinatosha. Kuchapisha tuwaachie wenye vitabu.

Tuchukue mfano wa mtanuko wa aota tumboni. (Tunaepuka neno uvimbe, kwani mgonjwa akilisikia hudhani ana saratani.) Kwa kawaida aota hapo ina kipenyo cha sentimita 2 hivi, ikifikia 3 huhesabiwa kuwa imetanuka, na ikizidi sana huweza kupasuka na kuua. Tiba mojawapo ni kupitisha ndani yake mrija wa kitambaa ulioimarishwa kwa waya. Mtanuko ukiwa karibu na ateri za figo, mrija hutobolewa matundu ili damu ipite. Tundu likikosea mahali pake, figo hukosa damu. Kwa hiyo baadhi ya madaktari huchapa kwa plastiki umbo la aota ya mgonjwa mwenyewe, kutokana na picha za siti skani, kisha huingiza mrija humo na kutia alama panapostahili matundu.

Umbo hilo likitumika kwa kutazama na kufanyia mazoezi, tunaliita kielelezo. Likitumika kupimia matundu, ni kigezo, neno ambalo mafundi wanalo tangu zamani. Kibakiacho mwilini, yaani mrija, ni kipandikizi. Anayeandika "mshipa uliochapwa" kwa vyote vitatu humfanya mgonjwa atie sahihi akiamini kuwa atawekewa mshipa wa plastiki. Jina hilo lihifadhiwe kwa mishipa ichapwayo kwa seli hai, ambayo ingali katika utafiti.